Darubini ya Bei Nafuu: Kabla Hujatoa Pesa Yako Banissa

Mfugaji anayepanda kilima alfajiri kuwatafuta ngamia waliotawanyika usiku ana haja ya darubini. Askari wa wanyamapori upande wa Malka Mari, ile mbuga iliyotangazwa mwaka 1989 kando ya mto Daua, naye ana haja nayo. Wazee wanaokusanyika magharibi ya tarehe 29 Shaabani kuutafuta mwezi mwandamo wana haja nayo pia. Kwa hiyo haishangazi kwamba watu wanaagiza darubini kutoka Eastleigh au ng'ambo kwa njia ya simu, wala haishangazi kwamba kinachowavuta ni namba kubwa kwa bei ndogo. Katika matangazo wanayoagizia darubini hizo imo bidhaa nyingine inayofanana nazo: darubini ya bunduki inayokuza mpaka mara 24, iliyotengenezwa kwa wanamichezo wa kulenga shabaha, nayo ni rahisi kuliko mtu anavyotarajia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Namba ya ukuzaji ndiyo ya mwisho kuulizwa unaponunua darubini, si ya kwanza. Na katika kaunti ilimo Banissa, inayopakana na Ethiopia na Somalia, chombo kilichoundwa kukaa juu ya bunduki si cha kubebwa na raia malishoni, hata kama ni kioo tupu kisicho na risasi. Maswali yanayofuata yanaeleza kwa nini.

Namba zilizoandikwa juu yake zina maana gani?

Darubini iliyoandikwa 8x42 hukuza mara nane, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Ngamia aliye kilomita moja ataonekana kana kwamba yuko mita 125. Iliyoandikwa 6-24x50 ni ya ukuzaji unaobadilika: unazungusha pete kutoka mara sita mpaka mara ishirini na nne, na lenzi ya mbele ni milimita 50.

Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, utapata jambo ambalo matangazo hayalisemi: upana wa mwale wa mwanga unaotoka upande wa jicho. Kwa 8x42 ni milimita 5 na kidogo. Kwa 6-24x50 ikiwa imewekwa mara 24, ni milimita 2 tu. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujibana ikafika milimita 2 au 3, kwa hiyo milimita 2 inatosha. Lakini alfajiri, au jua linapozama na mifugo inarudi, mboni ya kijana hupanuka kufikia milimita 6 au 7. Darubini inayompa milimita 2 wakati huo inamnyima mwanga ambao jicho lake lilikuwa tayari kuupokea, na picha inakuwa ya kijivu na giza. Mfugaji hutafuta mifugo saa hizohizo za mwanga hafifu, basi hesabu hii ya kugawanya ina faida kwake kuliko neno lolote lililo kwenye boksi.

Si kadiri inavyokuza zaidi ndivyo inavyoonyesha zaidi?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kwanza kuna mkono. Darubini hukuza kila kitu, pamoja na mtetemo wa mikono yako na mapigo ya moyo wako. Mpaka mara 8 watu wengi huishika bila shida. Mara 10 inawezekana ukiegemea mti au kuweka viwiko juu ya magoti. Kuanzia mara 12 kwenda juu picha inarukaruka, na mara 20 bila stendi ya miguu mitatu ni kujichosha bure.

Pili kuna upana wa eneo unaloliona. Darubini nzuri ya 8x42 hukuonyesha kipande cha nchi chenye upana wa mita 110 hadi 140 ukitazama kilomita moja. Darubini ya bunduki ikiwa mara 24 hukuonyesha kama mita 15 tu kwa umbali uleule. Fikiria bonde lenye vichaka vya migunga na ngamia watano waliopotea humo. Utapekua bonde zima kwa vipande vya mita 15, na kila ukihamisha chombo kidogo unapoteza mahali ulipokuwa.

Tatu, na kwa Banissa hili ndilo kubwa, kuna hewa yenyewe. Ardhi kavu ikishapata jua, hewa iliyo karibu nayo inapata joto na kupanda, ile baridi inashuka, na mwanga unaopita katikati yake unapindwapindwa. Ndiyo maana tambarare inaonekana kama inatiririka maji. Mazigazi hayo kila mtu wa huku anayajua. Hakuna lenzi inayoweza kuyaondoa. Darubini ya mara 8 huonyesha ngamia anayetikisika kidogo. Ya mara 24 huukuza mtikisiko huohuo mara tatu zaidi, na mnyama anageuka kuwa doa linaloyeyuka. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, katika siku ya kawaida ya kiangazi, ukuzaji wa zaidi ya mara 15 au 20 kwa umbali mrefu mara nyingi hauongezi chochote. Mwenye darubini ndogo na mwenye darubini kubwa wanaona sawa, ila wa pili amelipa zaidi na amebeba mzigo mzito zaidi.

Chukua mfano wa chapa ya ngamia. Jicho zima hutofautisha mistari iliyoachana kwa kiasi cha sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Mstari wa chapa wenye unene wa sentimita 2, ukitazamwa kwa mara 8, husomeka bila taabu kwa mita 300, na mita 500 ndio mpaka, tena hewa iwe tulivu. Kwa mara 20 hesabu ya karatasi inakufikisha zaidi ya kilomita moja, lakini ni asubuhi tu, kabla ardhi haijapata moto, na stendi iwe imara. Anayetaka kusoma chapa saa saba mchana kwa umbali huo itambidi asogee karibu.

Nitajuaje kama namba iliyoandikwa ni ya kweli?

Kuna darubini za macho mawili ambazo zimeenea masokoni zikiwa na maandishi ya 30x60, nyingine zikidai kukuza mara mia na zaidi, na nyingine zimeandikwa kuwa ni za mchana na usiku. Ukizipima, utakuta ukuzaji wake hauikaribii namba hiyo. Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Elekeza lenzi ya mbele kwenye anga angavu (mbali kabisa na jua), shika darubini mbele yako kwa umbali wa mkono, utaona kiduara cheupe katika lenzi ya jicho. Weka kipande cha karatasi hapo na upime upana wa kiduara hicho kwa rula. 30x60 ya kweli ingetoa kiduara cha milimita 2. Ukipata milimita 4 au 5, muuzaji amekuuzia namba.

Kiduara hichohicho kinakwambia jambo la pili. Kikiwa mviringo kamili, chenye ukingo safi, prizimu za ndani zina uwezekano mkubwa wa kuwa za kioo kizuri, kile kinachoandikwa BAK-4. Kikiwa na pembe kama mraba na kivuli cha kijivu pembeni, kioo ni cha daraja la chini na mwanga wa kando unapotea.

Kisha tazama rangi ya lenzi. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Ndani ya darubini nyuso hizo hufika kumi au zaidi, kwa hiyo kioo kisichopakwa hupoteza kama theluthi ya mwanga kabla haujafika jichoni. Darubini yenye herufi FMC inadai kwamba kila uso umepakwa tabaka nyingi. Ukitazama mwakisiko wa taa juu ya lenzi utauona ukiwa hafifu, wa kijani au zambarau. Lenzi nyekundu zinazong'aa kama kito zinapendeza kwa macho, lakini rangi hiyo inarudisha nje mwanga mwekundu, na nchi ya udongo mwekundu kama hii inaonekana ya kijani kilichofifia. Mimi singezinunua kwa bei yoyote.

Kuhusu usiku: darubini ya kawaida haioni gizani. Inakusanya mwanga uliopo, na pasipo mwanga hakuna cha kukusanya.

Sasa ile ya bunduki, ya mara 24, ilitengenezewa nani?

Ilitengenezewa mwanamichezo aliyelala au kuketi nyuma ya bunduki iliyoegemezwa imara, anayelenga karatasi isiyotembea, kwenye uwanja wenye ukuta wa udongo nyuma yake. Katika mashindano yanayoitwa F-Class, yaliyoanzia Kanada, shabaha huwa mpaka yadi 1,000, na duara la alama kumi lina upana wa inchi kumi hivi. Hapo ukuzaji mkubwa una kazi ya kweli: unamwezesha mlengaji kuona katikati ya duara hilo, na hata kuyasoma mazigazi yanavyolala ili ajue upepo unakoelekea. Kinachomsumbua mfugaji kinamsaidia mlengaji. Lakini si kila mchezo wa shabaha unaruhusu chombo hicho. Katika Olimpiki, ambako kulenga shabaha kulianza 1896, bunduki hazina darubini. Wachezaji hutumia kijitundu na duara la chuma.

Kenya michezo hii ipo kisheria. Uwanja unaojulikana zaidi wa raia uko Kirigiti, Kiambu, karibu kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Banissa, na mashindano yake makubwa ni ya bastola, ambazo hazina haja ya darubini ya mara 24. Kwa hiyo Mkenya ambaye kifaa hiki kinamfaa hasa ni mwenye cheti cha bunduki, mwanachama wa klabu, anayelenga masafa marefu uwanjani. Watu hao ni wachache, na wanastahili kuelezwa vizuri jinsi ya kuipima, kwa sababu ya bei nafuu inaweza kuwa nzuri na inaweza kuwa takataka, na boksi zinafanana.

Jambo la kwanza kupima ni usafi wa picha kwenye mwisho wa ukuzaji. Bandika karatasi yenye maandishi ya ukubwa tofauti mita 100, asubuhi na mapema, na uifunge darubini kwenye jiliwa. Anza mara 6, panda polepole. Nyingi za bei ya chini husoma vizuri mpaka mara 16 au 18, kisha maandishi yanapanuka bila kuongezeka wazi, na kingo zinapata rangi ya zambarau. Hiyo ni darubini ya mara 18 iliyoandikwa 24. Haina ubaya kama bei yake ni ya mara 18.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko yote, ni uaminifu wa vifundo vya kurekebishia. Kila kliki inatakiwa kuisogeza shabaha kiasi kilekile. Kwenye vipimo vya robo dakika ya nyuzi, kliki moja ni karibu milimita 7 kwa mita 100; kwenye vipimo vya sehemu ya kumi ya miliradiani, ni milimita 10 kamili. Chora karatasi ya miraba, iweke mita 100, kaza darubini kwenye jiliwa isiyotikisika, kisha zungusha kliki 40 juu, 40 kulia, 40 chini, 40 kushoto. Alama ya msalaba inapaswa kutembea mraba wenye pande za sentimita 29 kwa zile za robo dakika, na kurudi palepale ilipoanzia. Isiporudi, au mraba ukipinda, usiinunue, hata ukiambiwa vipi kuhusu kioo chake. Kioo hafifu kinachosha jicho. Vifundo visivyoaminika humfanya mlengaji asijue risasi yake itakwenda wapi, na uwanjani hilo ni hatari kwa wenzake. Kipimo hiki chote hufanyika bila risasi hata moja.

Tatu ni kuhama kwa alama. Tazama shabaha, usiguse chombo, sogeza kichwa kidogo kulia na kushoto. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, kuna kosa la umbali, na darubini ya ukuzaji mkubwa lazima iwe na kifundo cha kulirekebisha. Zile zilizofungwa kiwandani kwa yadi 100 hazifai kwa masafa marefu. Mwisho ni nafasi ya jicho: chombo hiki hudai jicho likae nyuma kwa sentimita 7 hadi 10, ili bunduki inaporudi nyuma isimjeruhi mlengaji usoni. Ukuzaji unapopanda, nafasi hiyo huwa ya kubana, na darubini nyingi za bei rahisi huonyesha weusi jicho likihama kidogo tu.

Ng'ambo, zinazopita mitihani hii kwa kiasi cha kuridhisha zipo kati ya dola 150 na 300. Chini ya hapo, pima mara mbili.

Je, naweza kuinunua niitumie kutafutia mifugo tu, bila bunduki?

Swali hili lina majibu mawili na yote ni hapana.

La kwanza ni la kioo, na nimeshalieleza: eneo dogo, jicho moja, jicho likae sentimita nyingi nyuma bila kitu cha kuegemea, mikono inatetemeka. Kwa pesa hiyohiyo darubini ya macho mawili itakupa mara nane zaidi ya upana, na macho mawili huchoka polepole kuliko moja.

La pili ni la uhai wako. Askari aliye nusu kilomita kutoka kwako haoni kwamba bomba uliloweka jichoni halina bunduki chini yake. Anachoona ni mtu juu ya kilima, karibu na mpaka, akilenga. Ana sekunde chache za kuamua, na ameshahudhuria mazishi ya wenzake. Wala si askari peke yake. Majirani ambao wamewahi kushambuliwa nao wataona hivyohivyo. Hakuna ngamia anayestahili hatari hiyo.

Tena kuna sheria. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna raia anayeruhusiwa kununua au kumiliki bunduki au risasi bila cheti, na vyeti hutolewa na Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Tafsiri ya bunduki katika sheria hiyo haishii kwenye bunduki nzima. Inaingiza sehemu zake, na vifaa vya kupunguza mlio au mwako. Kupatikana na AK-47, G3 au silaha ya aina hiyo bila kibali kuna adhabu ya kifungo cha maisha. Mtu atakayepatikana na darubini ya bunduki kwenye kizuizi cha barabarani ataulizwa jambo moja: bunduki yake iko wapi? Kusema sina bunduki ni kweli, lakini kunaweza kukugharimu siku ndani ya seli ukithibitisha maneno yako. Mwenye cheti na anayetaka kuagiza kifaa chochote cha kufunga kwenye silaha yake aandike kwanza kwa Bodi na asubiri jibu la maandishi. Asijitafsirie sheria mwenyewe, wala asimtegemee muuzaji wa mtandaoni ambaye hajui Kenya.

Na kwa ndugu zetu askari wa akiba: silaha mnayoibeba ni mali ya serikali. Usifunge juu yake kitu ulichokinunua mwenyewe bila idhini ya mkubwa wako, hata kama unaamini kitakusaidia kulinda kijiji.

Kwa hali hiyohiyo, hakuna mtu, mwenye cheti au asiye nacho, anayepaswa kutazama kitu kwa darubini iliyo juu ya bunduki ili tu akijue ni nini. Kutazama hivyo ni kumwelekezea mtu mtutu kabla hujajua ni nani.

Hata darubini ya kawaida haitaniletea shida?

Ikibebwa kwa akili, haina shida. Mwarifu chifu au naibu wake kwamba unayo na unaitumia kwa mifugo. Risiti iwe na picha kwenye simu yako. Ivae shingoni, ionekane, usiifiche ndani ya nguo. Usiielekeze kwenye kambi, kituo cha polisi, kizuizi au ng'ambo ya mpaka. Ukiona gari la usalama linakuja, ishushe.

Basi ninunue ipi?

Kwa mfugaji, 8x42. Kwa anayetembea sana na anataka wepesi, 8x32, akijua kwamba alfajiri itampa mwanga pungufu. 10x42 kwa mwenye mikono tulivu na nchi iliyo wazi. Zinazodumu, zenye prizimu nzuri na lenzi zilizopakwa kote, huanzia kama dola 100 hadi 150 huko zinakouzwa, yaani shilingi 13,000 hadi 20,000 hivi kabla ya usafirishaji na ushuru. Ni pesa nyingi. Lakini nzuri moja ikitunzwa hukaa miaka kumi na zaidi, na familia tatu zenye malisho ya pamoja zinaweza kuichangia.

Askari wa wanyamapori na wahifadhi wana hoja tofauti. Kule Ishaqbini, Garissa, ambako jamii imetenga hifadhi ya swala aitwaye hirola tangu 2012 na kuizungushia uzio dhidi ya wanyama wakali, kumtambua dume na jike au kuhesabu ndama kutoka mbali bila kuwafukuza ni kazi ya kila siku. Hapo ndipo darubini ya stendi, ya mara 20 hadi 60 yenye lenzi ya milimita 60 au 80, inapopata mahali pake: inasimama juu ya miguu mitatu, haifanani na silaha, na mwenye nayo ana sare na ruhusa. Hata hivyo wao pia huigusa mara 60 kwa nadra, kwa sababu ya joto lilelile la mchana.

Mwenye kuvaa miwani atazame maelezo ya nafasi ya jicho. Iwe milimita 15 au zaidi, la sivyo ataona nusu ya picha.

Vumbi nalo?

Vumbi la huku ni mchanga, na mchanga hukwaruza kioo. Usifute lenzi kwa pindo la macawis (kikoi). Puliza kwanza, piga kwa brashi laini, kisha ndipo ufute kwa kitambaa safi cha pamba chenye unyevu kidogo. Usiiache juu ya dashibodi ya gari. Gundi ya ndani hulegea kwa joto na picha mbili hazikutani tena, kisha kichwa kinauma kila ukitazama. Iliyojazwa naitrojeni na kufungwa kwa mpira inavumilia vumbi na mvua kuliko isiyofungwa.

Na mwezi mwandamo?

Hapa darubini ya bei nafuu inafanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, na hapa pia ndipo inapoweza kumpofusha mtu.

Hatari kwanza. Usielekeze darubini magharibi kabla jua halijazama lote. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga wa jua na kuutumbukiza kwenye tundu dogo la jicho, na jicho halina maumivu ya kukuonya linapoungua ndani. Mtu mmoja asimame bila darubini, ahakikishe ukingo wa mwisho wa jua umezama, ndipo aruhusu wengine. Watoto wasiachiwe darubini saa hiyo.

Baada ya hapo, muda ni mfupi. Banissa iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua na mwezi hushuka karibu wima, na giza huingia upesi. Mwezi ulio nyuzi 10 juu ya upeo, ambazo ni kama upana wa ngumi yako ukinyoosha mkono, huzama kwa dakika 40 hivi. Wataalamu wa anga wanajua pia kwamba mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 kutoka kwenye jua hauonekani kabisa, kwa jicho wala kwa darubini, kwa kuwa sehemu iliyoangazwa ni nyembamba mno. Kwa hiyo ni vizuri kupata kwanza hesabu ya siku hiyo: saa ya kuzama jua, saa ya kuzama mwezi, na nyuzi kati yao.

Darubini ya kufaa ni 7x50, 8x42 au 10x50, kwa sababu zinaonyesha kipande kipana cha anga, kama nyuzi 6 au 7 kwa mara moja. Zifungwe kwenye stendi au ziegemee ukuta. Rekebisha picha iwe safi kwanza kwa kutazama kilima cha mbali au nyota ya kwanza, kwa maana ukiitafuta hilali kwa picha iliyofifia utaipita bila kuiona. Ile ya mara 24 inaonyesha chini ya nyuzi moja ya anga. Anayeitumia anaweza kupekua mpaka mwezi uzame.

Kama kuuona kwa lenzi kunatosha kisheria au lazima uonekane pia kwa jicho tupu, hilo wanazuoni wamelijadili na hawajakubaliana, na si la makala haya kuamua. Kinachowezekana kwa urahisi ni hiki: tumia darubini kuupata mwezi ulipo, kisha ishushe na mtazame mahali palepale kwa macho. Walioona waandike saa, upande na umbo la hilali, wawe zaidi ya mmoja, na wapeleke ushahidi wao kwa kadhi wa eneo usiku uleule, ili umfikie Kadhi Mkuu kabla hajatangaza.